Ndege iliyokaa jangwani miaka 70, kisha ikapakwa rangi

Mwaka 2012, mfanyakazi wa mafuta kutoka Poland alikuwa katika shughuli zake kwenye jangwa la magharibi mwa Misri alipoiona ndege imekaa mchangani peke yake, mamia ya kilomita kutoka mji wowote. Haikuwa imeanguka juzi. Ilikuwa pale tangu tarehe 28 Juni 1942.

Ilikuwa Kittyhawk, ndege ya vita ya rubani mmoja, iliyotengenezwa Marekani na kurushwa na Jeshi la Anga la Uingereza. Namba yake ET574, ya Kikosi cha 260. Rubani aliitwa Dennis Copping, sajini, kijana wa miaka 24. Siku hiyo hata hakuwa anapigana. Alikuwa akiipeleka ndege kwa mafundi nyuma ya uwanja wa mapambano kwa sababu ilikuwa na hitilafu. Akapotea njia, akaishusha kwa tumbo juu ya mchanga na mawe. Dalili zote zaonyesha kwamba alitoka hai: parachuti ilikutwa nje kama mtu aliyejitafutia kivuli, na redio na betri zilikuwa zimetolewa, kama mtu aliyejaribu kuita msaada. Baada ya hapo hakuna ajuaye. Mwili wake haujapatikana hadi leo.

Nimezitazama picha zilizopigwa wakati ndege ile ilipoonekana, na nakiri kwamba mimi, ambaye sina mapenzi makubwa na silaha, nilikaa nazo muda mrefu. Upepo wa miaka 70 ulikuwa umeisugua rangi ubavuni hadi bati likabaki tupu, linang'aa. Saa za dashibodi zilikuwa mahali pake. Risasi zilikuwa bado kwenye mikanda yake. Rafadha ilikuwa imeng'oka na kulala kando. Kila kitu kilikuwa kama kijana yule alivyokiacha alipogeuka kutazama kwa mara ya mwisho.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa maana ndiyo sababu ya makala haya.

Makumbusho ya RAF, yaani ya Jeshi la Anga la Uingereza, yaliitaka ndege ile. Yakapatana na kampuni binafsi iende kuitoa jangwani, na ujira wake haukuwa fedha taslimu, bali ndege nyingine: Spitfire iliyokuwa ghalani mwa makumbusho hayo. Kittyhawk ikafunguliwa, ikapakiwa, ikafikishwa Alamein, mji ulio pwani ya Misri. Ikaishia hapo. Misri ilikuwa katika misukosuko yake ya kisiasa, vibali havikutoka, na ndege ikakaa ndani ya kontena. Waingereza wakajikuta wametoa Spitfire na Kittyhawk hawaioni. Miaka kadhaa baadaye ikajitokeza kwenye makumbusho ya kijeshi ya Alamein ikiwa imezibwazibwa na kupakwa rangi mpya kabisa, inang'aa kama gari lililotoka gereji kwa ajili ya harusi.

Wapenzi wa ndege kongwe Ulaya walipiga kelele. Wengine walisema ndege imeharibiwa, wengine kwamba hata rangi zenyewe sizo. Na wapo waliojibu: ni ndege iliyokutwa Misri, iko Misri, Wamisri wameitunza, mnataka nini tena?

Huenda msomaji akajiuliza watu wazima wanagombania vipi rangi ya ndege isiyoruka. Mimi naona ugomvi huu ni wa maana, na sisi watu wa pwani tuna njia fupi ya kuuelewa.

Chukua jahazi. Fundi akiona ubao umeoza, hung'oa na kutia mpya. Mwaka huu mbao tatu, mwaka ujao tano, kisha mlingoti, kisha mkuku. Baada ya miaka 40 huenda hakuna hata msumari mmoja wa siku liliposhuka majini, na bado nahodha atakwambia ni jahazi la babu yake, na wala hakudanganyi. Jahazi kazi yake ni kwenda. Likiacha kwenda, limekufa. Kwa hiyo ukweli wake umo katika umbo na jina na kazi, si katika ubao.

Sasa chukua mabaki ya meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichunguza mwishoni mwa miaka ya 1970, na vitu vyake vingi vimo ndani ya makumbusho pale ngomeni. Mbao za meli hiyo hakuna aliyefikiria kuzibadilisha kwa mpya. Ungeibadilisha mbao moja tu ungekuwa umechoma ukurasa wa kitabu, kwa sababu ubao ule, kwa namna ulivyochongwa na kuungwa, ndio habari yenyewe.

Ndege ya vita ya zamani inakaa katikati ya hivi viwili, na ndipo matata yanapoanza. Mtu mmoja anaiona kama jahazi: itengenezwe, ing'ae, ikiwezekana iruke, watoto waione jinsi ilivyokuwa. Mwingine anaiona kama mabaki ya meli: usiguse, maana kila mkwaruzo ni neno. Wote wawili wana hoja. Tabu ni kwamba ndege ni moja, na ukishaifanya ya kwanza huwezi tena kuirudisha ya pili. Rangi mpya inaweza kukwanguliwa, ndiyo, lakini ile ya 1942 iliyokuwa chini yake haitarudi.

Fundi wa makumbusho aliyefunzwa vizuri huanza na mambo ambayo kwa macho yetu ni ya kuchosha. Hupiga picha kila bati kabla ya kulifungua. Akikuta rangi, huikwangua taratibu sehemu ndogo kama sarafu, tabaka baada ya tabaka, na mara nyingi chini ya alama za kikosi kimoja hukuta alama za kikosi kingine, au namba ya kiwandani. Kipande kipya akitia, hukitia alama mahali pasipoonekana, ili atakayekuja baada ya miaka 50 ajue kipi ni cha asili na kipi cha juzi. Akitumia gundi au nta, huchagua ile inayoweza kuondolewa.

Kuna mfano unaonifurahisha katika jambo hili. Memphis Belle, ndege ya mabomu ya Wamarekani iliyopata sifa kubwa Vita vya Pili, ilirudishwa kwao mwaka 1943 na kuzungushwa miji mingi ili kuhamasisha wananchi kununua hati za mkopo wa vita. Miaka mingi baadaye, mafundi wa makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani kule Dayton, Ohio, walipokuwa wakiondoa rangi, waliona bati limejaa majina na salamu. Watu wa kawaida, katika ile ziara, walikuwa wamekwaruza majina yao mwilini mwa ndege. Fundi mwenye pupa na msasa wa umeme angevifuta vyote kwa asubuhi moja na kujisifu kwa kazi safi.

Tena kuna suala la chumvi, ambalo halihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyekulia Lamu au Mombasa. Mwili wa ndege ni aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine. Haishiki kutu nyekundu kama chuma. Hutoa unga mweupe na kuliwa ndani kwa ndani. Ikiwa imezama baharini, chumvi huingia kwenye kila kijishimo, na siku ukiitoa juu hewani ndipo ugonjwa unapopamba moto. Mwaka 2013, makumbusho yale yale ya RAF yaliopoa ndege ya Kijerumani aina ya Dornier 17 iliyoangushwa mwaka 1940 na kuzama kwenye mafungu ya Goodwin, pwani ya kusini mashariki mwa Uingereza. Wataalamu wanasema hakuna nyingine ya aina hiyo iliyobaki nzima kiasi hicho. Hawakuipaka rangi. Waliiweka ndani ya mahema marefu ya plastiki kama yale ya kukuzia mboga, wakainyunyizia maji yaliyotiwa asidi ya sitriki isiyo kali, siku baada ya siku, kwa miaka, hadi chumvi na makombe yakatoka. Asidi ya sitriki ndiyo ile inayoifanya ndimu iwe chachu. Mwenye birika la shaba nyumbani anaijua kazi yake.

Kisa hiki ni ndugu wa kile cha chokaa na saruji. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na ukuta ule unapumua: unyevu huingia na kutoka. Akija fundi wa haraka akaupiga plasta ya saruji, nyumba hupendeza mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu unyevu na chumvi vilivyofungiwa ndani vinaanza kuusukuma ukuta, plasta inabanduka na kipande cha jiwe. Wahenga walishasema, kipya kinyemi ijapokuwa kidonda. Anayetaka kuhifadhi kitu kwanza aulize kitu hicho kinaumwa nini, kabla ya kufikiria kitapendeza vipi.

Hata wataalamu wenyewe hawaafikiani. Angalia Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza. Moja ilipigwa usiku mmoja mwezi Aprili 1942 ikienda kuishambulia manowari ya Wajerumani, Tirpitz, kule Norway. Rubani wake akaitua juu ya ziwa lililoganda barafu, wote waliokuwamo wakatoka wazima, wengi wao wakatembea hadi Sweden, na barafu ilipoyeyuka ndege ikazama. Iliopolewa mwaka 1973, na leo iko London kama ilivyotoka majini: imechubuka, imetoboka, rangi yake ya zamani imeshikilia hapa na pale. Nyingine iliangushwa mwaka 1945, ikazama katika ziwa jingine la Norway. Hiyo waliiopoa mwaka 1995, na Wakanada wakaichukua hadi Trenton, wakaitengeneza kwa miaka 10, mikono mingi ya kujitolea, wazee waliowahi kuziruka zikiwa mpya wakiwa miongoni mwao. Sasa inang'aa.

Ukiniuliza ipi ilitendewa haki, nitakujibu zote mbili, lakini kwa sababu tu ziko mbili. Ya Trenton inamwonyesha mtoto ndege ilivyokuwa, na kazi yenyewe iliwafariji wazee waliopoteza wenzao. Ya London inaonyesha vita hufanya nini. Lau kama ingebaki moja tu duniani, ningesema iachwe kama ile ya London, wala nisingeona haya.

Ndiyo maana Kittyhawk ya Alamein inanikera. Kittyhawk na ndugu zake zilitengenezwa kwa maelfu, na zilizosalia na kupakwa rangi nzuri zimo katika makumbusho mengi. Zipo hata zinazoruka. Mwenye hamu ya kuona ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani hakosi pa kwenda. Kitu ambacho hakikuwapo kwingine ni ndege iliyosuguliwa na mchanga miaka 70 na kijana wa miaka 24 akipotea kando yake. Hicho ndicho kilichofunikwa kwa brashi.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu kelele za Ulaya nazo zina walakini. Ndege zote za kijeshi za Uingereza zilizoanguka huhesabiwa na serikali ya huko kuwa bado mali yake, hata zikiwa kwenye ardhi ya nani. Hiyo ni sheria yao. Ardhi ina wenyewe pia. Vita vya Alamein vya mwaka 1942 vilikuwa vya Waingereza, Wajerumani na Waitaliano, Mmisri hakuvialika. Majeshi hayo yalizika mabomu ya ardhini katika jangwa lile, na serikali ya Misri imekuwa ikiyahesabu kwa mamilioni. Yameendelea kuwakata miguu wachungaji wa Kibedui muda mrefu baada ya majenerali kupewa medali zao. Mtu aliyeacha mabomu uani kwako, kisha akaja kukufokea kwamba umepaka rangi mbaya kwenye ndege yake, ana kazi ya kufanya kabla hajasikilizwa. Nasema hivi huku nikishikilia kwamba rangi ile ni mbaya.

Wala si Wamisri peke yao waliogombana na mwenye mali. Ile Memphis Belle niliyoitaja, watu wa mji wa Memphis waliinunua mwaka 1946 kwa dola 350 kutoka uwanja wa ndege chakavu, ikakaa mjini kwao karibu miaka 60. Waliipenda. Lakini ilikaa nje kwa miaka mingi, ikinyeshewa na kuibiwa vifaa, na jitihada za kuijengea nyumba ya kudumu zikawa zinakwama. Mwaka 2005 Jeshi la Anga, ambalo kisheria ndilo mwenyewe, likaichukua hadi Dayton, ikafunguliwa kwa umma Mei 2018, imependeza na iko salama. Memphis wakabaki na jina. Mapenzi bila paa hayakuinusuru ndege. Wakuu wetu wa kaunti wanaopenda kukata utepe wangefaa kukisoma kisa hiki mara mbili.

Kuna ugomvi mwingine ambao hauhusu bati wala rangi. Enola Gay ndiyo ndege iliyoangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Baada ya vita ilitelekezwa, watu wakanyofoa vipande vya ukumbusho, na mwaka 1984 makumbusho ya Smithsonian ya Marekani yakaanza kuitengeneza. Kazi ya mikono ilifanywa kwa ustadi mkubwa. Moto uliwaka kwenye maandishi. Makumbusho yalipanga maonyesho ya mwaka 1995 ambayo pamoja na ndege yangeeleza yaliyowapata watu wa chini, na kuuliza kama bomu lile lilikuwa la lazima. Maveterani wakaona wanageuzwa wauaji, wabunge wakaingilia, maonyesho yakafutwa na mkurugenzi wa makumbusho, Martin Harwit, akajiuzulu. Ikaonyeshwa sehemu ya mbele tu, na maneno machache. Mwaka 2003 ndege nzima iliwekwa katika jengo jipya karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, na kibao kilichojikita katika sifa zake kama chombo. Safari hii waliokuja kulalamika ni manusura wa Hiroshima.

Ndege ilikuwa nzima, na kila msumari ulikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni watu waliokuwa chini siku ile. Kwangu mimi huo nao ni uharibifu, tena mbaya kuliko rangi, kwa kuwa mgeni huondoka ameridhika na wala hajui kuna kitu hakukiona.

Sisi tunao mfano hapa hapa. Ndani ya Fort Jesus kuna mizinga miwili ya Vita vya Kwanza, mmoja wa meli ya Kijerumani Königsberg na mmoja wa meli ya Kiingereza Pegasus. Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Ndege ndizo zilizoiponza: ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia, zikaelekeza mizinga ya Waingereza, na tarehe 11 Julai 1915 meli ile ikaangamizwa. Hata siku hiyo ndege moja ilipigwa ikaangukia mtoni. Wajerumani wakaiopoa mizinga 10 ya Königsberg, wakaitia magurudumu, ikapelekwa bara kupigana vita vya nchi kavu.

Mizinga ile ilivutwa kwa mikono na migongo ya Waafrika waliokusanywa kwa nguvu, wengi wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Jina la kikosi cha wapagazi wa upande wa Waingereza limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na watu wananunua nyanya pale bila kujua.

Chuma kile kinakaa hatua chache kutoka baharini, na iko siku mtu ataamua kukipaka rangi. Ningemwomba mambo mawili tu. Kwanza apige picha kila upande na kukwangua sehemu ndogo aone tabaka za chini zina nini. Halafu, kabla hajafungua mkebe, amtafutie mpagazi nafasi kwenye kibao.